Sauti Aliyoisikia Wolfgang Peke Yake

Siku Lucia alipouficha ufunguo wa lori ndani ya pipa la mahindi, Wolfgang alijua kwamba hata chini ya bati lake mwenyewe hakuna tena anayemwamini. Hakumgombeza mkewe. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akalitazama lori lake lililosimama chini ya mkaratusi, akajiuliza kama kweli ndilo lililokuwa likilia, au kilichokuwa kikilia ni kichwa chake.

Wolfgang hakuwa mtu wa kusemwasemwa. Pale Nambis alijulikana kwa upole wake. Alikuwa hanywi, na akimkuta mama njiani ana mzigo kichwani, husimama mwenyewe bila kupungiwa mkono. Aliendesha malori ya watu tangu ujana wake, akibeba mahindi, mbolea na vitunguu swaumu, huku akimwomba Mungu siku moja aendeshe la kwake. Mungu akasikia. Wakauza ng'ombe, yeye na Lucia, wakalipata lori la mkononi kwa Tawakali, mfanyabiashara wa Katesh aliyekuwa anaacha kazi ya usafirishaji. Lilikuwa kuukuu, kioo cha nyuma ya dereva kimeshavunjika na mahali pake pamezibwa kwa kipande cha mbao, lakini injini ilikuwa nzima. Siku lilipofika, Lucia alilifuta kwa kanga yake kama anayefuta uso wa mtoto.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Utingo wake, Julius, alikuwa anakaa kiti cha kushoto akipiga soga kuanzia Mbulu mjini hadi Dongobesh. Kisha Julius akapata mke upande wa Basotu, akahamia huko kulima. Wolfgang akasema ataendesha peke yake mpaka apate kijana mwingine mwaminifu.

Hapo ndipo sauti ilipoanza.

Siku ya kwanza alikuwa amebeba mbolea, anapandisha mlima wa kwenda Dongobesh. Lori lilipoanza kutafuta pumzi, akasikia mtu analia. Haikuwa kelele ya kupiga mayowe. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayelia huku amejiziba mdomo kwa nguo, mmmh, mmmh, anakata, anaanza tena. Wolfgang alikanyaga breki akateremka, akidhani kuna mtu amedandia nyuma. Akapanda juu ya magunia, hakuna mtu. Akainama chini ya lori, hakuna kitu. Akawasha tena, akapanda, na sauti ikapanda naye mpaka kileleni, kisha ikanyamaza kama iliyokatwa kwa kisu.

Alilipeleka kwa fundi Musa pale Dongobesh.

"Dereva, gari lako linaumwa nini?"

"Linalia."

"Linalia vipi? Linalia kama bushi imekufa, au linalia kama difu?"

"Kama mtu, Musa. Kama mtu mwenye msiba."

Musa alicheka, lakini alifanya kazi. Alikaza boliti zote, akapaka grisi kwenye springi, akakiinua kiti cha abiria na kufungua mfuniko wa injini ulioko chini yake, akasikiliza injini ikiwa wazi. Kisha akafunika, akarudisha kiti, akaketi juu yake na kusema, "Haya, twende huo mlima nimsikie huyo mfiwa wako."

Walipanda, wakageuza, wakapanda tena. Lori lilinguruma kama lori, basi.

"Nasikia injini," Musa alisema, "na inaimba vizuri kuliko kwaya yenu ya kanisani. Dereva, hebu niambie ukweli. Unapata usingizi?"

Wolfgang alicheka naye. Kesho yake, akiwa peke yake kwenye mlima uleule, sauti ikarudi. Siku hiyo hakucheka.

Alimchukua Lucia, wakapanda pamoja hadi kileleni. Kimya. Alimchukua shemeji yake Bura, kaka mkubwa wa Lucia, mtu wa maneno machache, akakaa pale kushoto na mikono yake imekunjwa. Kimya. Lucia akasema labda ni mambo ya gizani, wakamwite padri aje kulibariki gari. Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka mbele na nyuma, kisha akasema afadhali awasindikize kidogo. Akaketi kitini akasali rozari tangu chini ya mlima hadi juu, na lori likawa na adabu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Waliokuwa wamepanda nyuma kwa ajili ya baraka walikuwa wakiimba kwa nguvu njia nzima.

"Mungu ashukuriwe, limepona," walisema watu.

Siku ya pili yake Wolfgang aliondoka peke yake, na sauti ikalia palepale ilipokuwa ikilia.

Hapo maneno yakageuka. Kabla ya baraka, watu walikuwa wanasema lori lina jambo. Baada ya baraka walisema lori limeshabarikiwa na limenyamaza, kwa hiyo jambo haliko kwenye lori. Liko kwa mtu. Na walipokumbuka ni mtoto wa nani, wakanyamaza kwa namna iliyokuwa mbaya kuliko kusema.

Baba yake Wolfgang alikuwa mkulima mzuri, na naye alianza hivihivi. Alikuwa anasimama katikati ya shamba, jembe hewani, anauliza, "Nani ananiita?" Mwisho akaondoka nyumbani kumfuata aliyekuwa akimwita. Wafugaji walimkuta Yaeda Chini, ameketi kwenye vumbi bila viatu, akisema na mtu ambaye hakuna aliyemwona. Walimrudisha, lakini hakurudi mzima. Alikufa akiwa hawajui watoto wake. Wolfgang ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko, na kila alipomlisha alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: lisinifike mimi.

Sasa abiria walianza kumkwepa. Akina mama waliokuwa wakigombea kiti cha mbele walisema wanasubiri gari jingine, ingawa jua linawachoma. Kijana aliyekuja kuomba kazi ya utingo alisikia habari, hakurudi. Na jinsi watu walivyozidi kumkimbia, ndivyo alivyozidi kuendesha peke yake, na jinsi alivyozidi kuendesha peke yake, ndivyo alivyozidi kuisikia. Alijaza matambara kila upenyo. Aling'oa mbao za bodi akazipigilia upya. Alitoa hata medali ya Bikira Maria iliyoning'inia kwenye kioo, akaiweka mfukoni huku akiomba msamaha. Sauti ilikuwa palepale.

Siku moja, barabarani karibu na Endagikot, wanafunzi waliotoka shule walimkuta amelala kifudifudi chini ya lori lenye mzigo, injini inaunguruma, naye anapiga kelele, "Nyamaza! Nyamaza kidogo nijue uko wapi!"

Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika.

Jioni hiyo Wolfgang aliona kwamba panga halipo pale linapokaaga, nyuma ya mlango. Alitaka kumuuliza Lucia liko wapi, akashindwa. Alielewa. Alimwona binti yake Zita akimpa chakula na kurudi nyuma haraka, macho chini, akakumbuka kwamba na yeye alikuwa hivyohivyo kwa baba yake.

Bura alikuja siku ufunguo ulipofichwa. Alikaa, akaulizia mvua, akaulizia mifugo, kisha akakohoa.

"Shemeji, hakuna anayesema wewe ni mwehu."

"Mmeshasema, Bura."

"Tunasema upumzike. Twende hospitali wakuangalie. Hata kichwa kinaumwa kama tumbo, si aibu. Gari tutalitafutia dereva."

Wolfgang alimtazama Lucia. Lucia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, machozi yanamtoka, lakini kichwa chake kilikuwa kinakubaliana na kaka yake.

"Lucia, na wewe?"

"Baba Zita, mimi nilipanda. Nilikaa pale. Sikusikia kitu." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ningesikia hata kidogo tu, ningekufa na wewe."

Kwa kweli, moyoni mwake Wolfgang naye alikuwa ameanza kukubali. Juzi tu, mlimani, sauti ilipoanza, hakusimama kuitafuta. Aliijibu. Alisema, "Pole," kisha akaogopa mdomo wake mwenyewe. Alimwambia Bura, "Nitakwenda," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitia mwenyewe kaburini.

Kilichochelewesha safari ya hospitali ni vitunguu swaumu vya Mama Marieta. Huyu alikuwa mama yake Lucia, mjane wa Endagikot. Swaumu zake zilikuwa zimeshakauka na kufungwa kwenye magunia, mvua inanukia, na mnunuzi, Bi Safina wa Dongobesh, ametuma ujumbe kwamba anafunga mzigo kesho. Malori mengine yote yalikuwa yameshachukuliwa. Mama Marieta akaamua, "Mkwe wangu apeleke mzigo huu mmoja, kisha mpelekeni mnakotaka. Bura akae naye."

Lucia akauchimbua ufunguo kwenye mahindi, akampa mumewe bila kumtazama.

Asubuhi magunia yalikuwa yameshapakiwa pale Endagikot wakati simu ya Bura ilipoingia. Ng'ombe wake alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya, hawezi kuondoka. Lucia aliyekuja kusaidia kupakia alikuwa na mtoto mwenye homa. Wanawake waliokuja kupakia wakatazamana. Nani atamwachia mtu huyu lori na mzigo wote peke yake?

Mama Marieta alikuwa amesimama mbali, upande wa zizi, kanga imeshuka hadi usoni. Kwa watu wa nyumba ile, mama mkwe na mkwe waliheshimiana sana. Hawakupeana mikono, hawakula wakitazamana, wala hawakukaa kiti kimoja. Neno lilipita kwa mtu wa kati.

"Lucia," Mama Marieta alisema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "mwambie baba Zita nitakwenda naye mimi."

Wolfgang, akiwa amegeuzia uso wake kwenye tairi, akajibu, "Lucia, mwambie mama shikamoo, na umwambie akae mbele, mimi nitajisogeza mpaka mlangoni."

Lucia aliyekuwa katikati hakuwa na haja ya kurudia lolote.

"Nikae mbele?" Mama Marieta alisema. "Bega kwa bega na mkwe wangu, kama mchumba wake tunakwenda kupiga picha?"

Wanawake waliangua kicheko, hata Lucia.

"Mama, kwa umri wako, juu ya magunia!"

"Umri wangu uko miguuni, si matakoni. Leteni ngazi."

Wakampandisha. Alijitengenezea kiota kati ya magunia, mgongo umeegemea kile kipande cha mbao kilichoziba dirisha la nyuma ya dereva, akafunga kanga kichwani, akatoa rozari. Wolfgang akawasha lori. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Njiani alijua nini kinamngoja. Mashamba yalipita, watu waliinua mikono na kuishusha walipomtambua. Alisali, "Bwana, leo tu. Kwa ajili ya huyu mama aliye juu yangu, nisifanye la aibu." Mlima ukaja. Akabadilisha gia. Lori likaanza kuhema.

Mmmh. Mmmh.

Wolfgang aliukaza mkono kwenye usukani mpaka vidole vikauma. Aliapa hatasimama. Aliapa hatajibu. Machozi yalimtoka yenyewe, yakamziba macho, akayafuta kwa bega ili asiachie usukani. Sauti ikazidi. Ilikuwa inalia karibu kabisa naye, kana kwamba inalilia jambo lilelile alilokuwa analilia yeye.

Ndipo paa la lori likagongwa. Likagongwa tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua.

Alifunga breki. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mama ameanguka. Aliruka chini, akakuta Mama Marieta amesimama juu ya magunia, kanga imeshuka mabegani, anamtazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi.

"Baba! Nani analia humo ndani?"

Wolfgang alibaki ameushika mlango wa lori.

"Nakuuliza! Tangu tumeanza kupanda mlima kuna mtu analia humo. Nimegonga ubao, hasikii. Umembeba nani? Amefanyaje?"

"Mama," alisema. "Mama umesikia?"

"Kwani mimi kiziwi? Analia mmmh, mmmh, kama mfiwa!"

Wolfgang aliketi pale barabarani, kwenye kokoto, akafunika uso akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye mvi, bila kujali nani anapita. Mama Marieta alielewa. Alikuwa amesikia habari zote za mkwe wake, na kwa wiki nzima alikuwa amemwombea kama anavyoombewa mgonjwa. Hakuweza kushuka amshike, heshima haikuruhusu. Aligeuza uso pembeni, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Ee Mungu, utusamehe, tulimzika mtu akiwa hai."

Alimwachia alie. Alipoona kilio kimepungua, akasema, "Sasa inuka. Endesha. Mimi nitaweka sikio kwenye huu ubao. Nikigonga upande wako, iko upande wako. Nikigonga upande wa pili, iko huko."

Wolfgang akawasha. Sauti ikaanza, na safari hii hakuiogopa, kwa maana walikuwa wawili. Juu ya kichwa chake akasikia mama anahama, kimya, anahama tena. Kisha ngumi ikagonga kushoto. Ikashuka ikagonga mbao, kushoto, chini kabisa.

Kushoto chini kulikuwa na kiti tu.

Bila kuacha usukani, Wolfgang alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaukandamiza kwenye kiti kile kwa nguvu.

Kimya.

Akauinua. Mmmh. Akaukandamiza. Kimya.

Alisimamisha lori, akakiinua kiti. Mfuniko wa injini ulikuwa umelegea, kibano chake kimevunjika kwa ndani mahali pasipoonekana, mpira wake umeliwa. Kila injini ilipotetemeka kwa uzito wa mlima, mfuniko ulikuwa unainuka kidogo na kusugua chuma cha pembeni, mpaka chuma kikang'aa. Mtu akiketi juu yake, unatulia. Julius alikuwa anaketi juu yake. Musa alifungua, akafunika, akaketi juu yake. Lucia, Bura, padri na rozari yake, kila aliyekuja kuisikia sauti aliikalia.

Mama Marieta alichungulia kwa juu, upande mmoja wa uso umefunikwa kwa kanga. "Ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo hiki, mama."

"Na sisi tulikuwa tunakupeleka hospitali."

Pale Dongobesh, baada ya Bi Safina kupokea mzigo wake, Musa alileta kipande cha mpira na waya. Alikuwa ameshaelezwa yote, aibu imemkaa shingoni. "Dakika moja tu, dereva, nalimaliza."

"Usiguse," alisema Wolfgang.

"Kwa nini tena?"

"Kuna mtu hajasikia."

Walirudi na magunia ya mahindi ya mtu wa Nambis, Mama Marieta juu kama alivyokuja. Alishuka kwake Endagikot, ambako Lucia alikuwa akisubiri na mtoto ambaye homa yake imeshapungua. Kabla mguu wake wa pili haujagusa chini, mama alikuwa ameshamweleza binti yake yote. Lucia akaja mbio, akapiga magoti mbele ya mumewe kwenye vumbi.

"Nisamehe, baba Zita. Sasa naamini."

Wolfgang alimtazama. Siku nzima alikuwa akifikiri furaha itakuwa kubwa, lakini haikuwa hivyo.

"Unaamini kwa sababu mama yako amekwambia," alisema. "Mimi nilikwambia mara ngapi?"

Lucia alibaki amepiga magoti kwenye vumbi.

"Inuka. Mwachie mama mtoto, upande."

Mzigo ulikuwa bado uko juu. Alimchukua kwenye mpando wa kwenda Nambis, Lucia ameketi pale kushoto, mikono magotini, kama alivyoketi siku ile. Lori likaanza kuhema. Hapakuwa na sauti yoyote ila injini.

"Inuka kidogo," alisema Wolfgang. "Usikikalie kiti."

Lucia akashika dashibodi kwa mikono miwili, akajiinua.

Mmmh. Mmmh.

Alishtuka, akataka kuketi, lakini hakuketi. Alisimama nusu, magoti yamekunjwa, mgongo umepinda chini ya paa, mwili unatikiswa na njia mbaya. Wolfgang hakumwambia aketi. Alimwona akisikiliza, akaona uso wake ukibadilika alipoelewa ni sauti gani hiyo, na kwamba mtu mmoja alikuwa akipanda nayo mlima peke yake, siku baada ya siku, kisha anarudi nyumbani kwa watu waliomfichia panga. Mlima ulikuwa mrefu. Miguu yake ilianza kutetemeka.

"Kaa sasa," Wolfgang alisema kwa upole. "Utachoka."

"Niache," Lucia alisema, naye akaendelea kusimama hivyohivyo, machozi yakimdondokea mikononi, hadi kileleni.